Kichwa cha mkate kinaliwa na nani?

Swali: Mimi ni mama wa watoto watatu, tunaishi Mbeya mjini. Asubuhi tunakunywa chai na mkate wa slesi, na kila mkate ukiisha hubaki vile vipande viwili vya pembeni ambavyo sisi tunaviita vichwa vya mkate. Watoto hawavigusi. Mume wangu anasema ni vigumu, tena vimeshikwashikwa, kwa hiyo vitupwe. Dada anayetusaidia kazi ndiye huvila, na vikizidi vinaenda kwa kuku. Mwezi wa saba mama mkwe alikuja kututembelea kutoka Njombe, akavikuta kwenye ndoo ya takataka, akakasirika sana. Alisema utotoni kwao kichwa cha mkate kiligombewa, na kwamba hapo ndipo penye nguvu. Tangu siku hiyo kuna maneno ndani ya nyumba. Naomba kujua nani yuko sahihi, kama vipande hivi vina faida au madhara, na nifanye navyo nini.

Jibu: Kamwene, mama. Barua yako nimeisoma mara mbili, kwa sababu ndani yake nimeona maswali mawili. Moja umeliuliza wazi, nalo ni la chakula; la pili umelipitia kwa nusu sentensi, nalo ni la nyumba. Mimi ni mtu wa sayansi ya chakula, na miaka yangu mingi ya kazi nimeitumia kwenye bekari na vinu vya unga vya Iringa na Mbeya, kwa hiyo nitaanza na lile la chakula na kulijibu kwa kirefu, kisha nitakuomba ruhusa nilifikie na hilo la pili.

Kwanza nikutoe wasiwasi. Kichwa cha mkate ni chakula kamili na salama sawasawa na slesi ya katikati, na hakuna sababu ya kiafya ya kukitupa kikiwa hakijaota ukungu. Mama mkwe yuko karibu zaidi na ukweli kuliko mume wako, ingawa sababu aliyoitoa inahitaji kurekebishwa kidogo. Mume wako naye hakukosea yote, maana ugumu anaousema upo, na hilo la kushikwashikwa lina msingi wake. Alipokosea ni pale alipotoka kwenye mambo hayo mawili akaenda moja kwa moja kwenye ndoo ya takataka.

Tuanze na kuelewa kipande chenyewe kimetoka wapi. Mwokaji huchukua donge la unga uliokandwa kwa hamira, hulitia kwenye kopo la bati lenye umbo la mstatili, huliacha liumuke, kisha huliingiza kwenye tanuri lenye joto la nyuzi 200 hadi 230 za Selsiasi. Ndani ya donge kuna maji mengi, na maadamu maji hayo yapo, joto la ndani haliwezi kupita kiwango cha kuchemka, ambacho kwa mwinuko wa Mbeya wa takriban mita 1,700 ni karibu nyuzi 94, si 100 kama ilivyo pwani. Kwa nje mambo ni tofauti. Uso wa donge hukauka mapema, joto lake hupanda hadi kupita nyuzi 140, na hapo sukari na protini zilizomo kwenye unga hushikana na kuzaa ile rangi ya kahawia pamoja na harufu inayomfanya mtu ageuze shingo akipita karibu na bekari alfajiri. Mkemia Mfaransa Louis-Camille Maillard aliueleza mwingiliano huo mwaka 1912, na mpaka leo unaitwa kwa jina lake.

Kichwa cha mkate, basi, ni sehemu iliyogusa upande mfupi wa kopo. Unga ni uleule, chumvi ni ileile, hamira ni ileile. Tofauti ni kwamba uso wake mmoja wote umekuwa ganda. Slesi ya katikati nayo ina ganda hilohilo limeizunguka pande zote nne, na mtoto anayeila bila kuondoa kingo amekwisha kula ganda bila kulalamika. Kwa hiyo watoto wako hawakatai kitu kigeni. Wanakataa kitu wanachokula kila siku, kwa kuwa safari hii kimekuja kwa wingi zaidi.

Tena nina hakika kwamba nyumbani kwako wanapenda jamaa yake wa karibu. Pika wali wa mchele wa Kyela kwenye sufuria nzito, uupalie makaa, kisha uangalie nani atakuwa wa kwanza kufika jikoni kuulizia ukoko. Ule ukoko wa rangi ya dhahabu ulioshika chini ya sufuria ni chakula kilichokutana na moto mkavu kikapata rangi na ladha ambayo chakula kilichochemka hakiwezi kuipata. Hakuna mama ninayemfahamu katika nyanda hizi anayetupa ukoko mzuri. Huugawa kwa haki ili watoto wasigombane. Kichwa cha mkate kimeokwa kwa kanuni hiyohiyo ya moto, lakini mezani kinapokewa kama mabaki, na jambo hilo limenishangaza kwa miaka mingi.

Sasa tuje kwenye neno la mama mkwe kwamba hapo ndipo penye nguvu. Ukipima gramu kwa gramu, ganda lina wanga na nguvu nyingi kuliko sehemu laini ya ndani, kwa sababu tu lina maji pungufu. Hata hivyo kichwa cha mkate wa slesi mara nyingi ni chembamba kuliko vipande vingine, kwa hiyo mtoto aliyekula kimoja hakumshinda nguvu ndugu yake aliyekula slesi ya katikati. Moto mkali pia una gharama yake. Huharibu sehemu ya vitamini B1, na hufunga sehemu ya lisini, ambayo ni moja ya viini vya protini na ambayo ngano tangu mwanzo ina upungufu nayo. Kwa upande wa pili, mwaka 2002 watafiti wa Ujerumani, Thomas Hofmann akiwa mmoja wao, walionyesha kwamba ganda lina kiambata kiitwacho pronili-lisini kwa kiasi cha mara nane ya kile kilichomo ndani ya mkate, na kwamba kwenye unga mbichi kiambata hicho hakipo kabisa, kwa kuwa huzaliwa na moto. Katika majaribio ya maabara kiliamsha vimeng'enya vinavyousaidia utumbo kujikinga na sumu. Ni ugunduzi mzuri, lakini ni wa maabara, na mimi sitauchukua niwaambie watu wale ganda kama dawa. Mwambie mama mkwe kwamba ganda lina mema yake na mapungufu yake, na yakijumlishwa yanakaribiana sana na ya sehemu laini.

Mwaka huohuo wa 2002 watafiti wa Sweden walitangaza kwamba vyakula vya wanga vikipata joto linalozidi nyuzi 120 hutengeneza kemikali iitwayo akrilamaidi, ambayo kwa wingi haitakiwi mwilini. Kadiri chakula kinavyoelekea weusi, ndivyo inavyoongezeka. Ndiyo maana nasisitiza rangi: ganda la kahawia ya dhahabu lile bila hofu, lakini likiungua likawa jeusi, mahali palipoungua paondolewe kwa kisu. Kanuni hiyo ni ya ukoko pia, na ni ya mkate unaoubanika mwenyewe juu ya jiko la mkaa.

Jambo la lishe ambalo kwangu lina uzito kuliko yote hayo ni jingine kabisa. Tangu mwaka 2011 kanuni za nchi yetu zinataka unga wa ngano unaosagwa viwandani uongezewe madini ya chuma na zinki, pamoja na vitamini B12 na asidi ya foliki. Asidi ya foliki ndiyo inayompunguzia mama mjamzito hatari ya kuzaa mtoto mwenye mgongo wazi, na chuma ndiyo kinga dhidi ya upungufu wa damu, tatizo ambalo wauguzi wa kliniki za mama na mtoto wanalishughulikia kila wiki. Virutubisho hivyo vimesambaa kwenye donge lote, na vichwa vina fungu lake. Fanya hesabu pamoja nami. Mkate wenye vipande 20 ukitupwa viwili, umetupa kimoja katika kila kumi. Nyumba inayomaliza mkate mmoja kila siku hutupa vipande 730 kwa mwaka, ambavyo ni sawa na mikate 36 na nusu. Tukikubali kwamba vichwa ni vyembamba na tukapunguza idadi hiyo hadi nusu, bado ni mikate 18 iliyonunuliwa kwa fedha na kupelekwa jalalani.

Tufike kwa mume wako na malalamiko yake, kwanza la ugumu. Watu wengi hudhani mkate unakuwa mgumu kwa sababu umekauka. Kukauka kumo, lakini si sababu kuu. Mwaka 1852 mkemia Mfaransa Jean-Baptiste Boussingault alithibitisha kwamba mkate uliofungiwa usipoteze maji bado huwa mgumu, na kwamba ukipashwa moto hurudi kuwa laini. Kinachotokea ni hiki: wakati wa kuoka, chembe za wanga hunywa maji, huvimba na kulegea; mkate ukipoa, wanga huo huanza kujipanga upya kidogo kidogo na kukaza. Kujipanga huko huenda kasi zaidi kwenye baridi iliyo juu kidogo ya kuganda kwa maji, yaani baridi ileile iliyomo ndani ya friji. Mama anayeweka mkate kwenye friji ili ubaki mpya anauharakisha kuzeeka, ijapokuwa anauchelewesha kuota ukungu. Friza ni jambo jingine, kwa sababu huko baridi ni kali kiasi cha kusimamisha mchakato wenyewe.

Hapa naomba uangalie kalenda. Mama mkwe alikuja mwezi wa saba, wakati Mbeya na Njombe zinapotetemeka kwa baridi na sehemu za Makete huamkia umande ulioganda. Jikoni kwako mwezi huo kulikuwa karibu na hali ya friji, na mkate uliolala juu ya meza usiku mmoja ulikuwa umezeeka kwa kasi ambayo usingeiona mwezi wa kumi na moja. Chukua mkate huohuo uteremke nao Kyela, kando ya Ziwa Nyasa, mahali penye joto na unyevu: hautakuwa mgumu haraka, lakini utaota ukungu mapema. Nimewahi kuwaeleza wenye bekari wanaosambaza mikate katika barabara hiyo kwamba wanauza chakula kimoja chenye adui wawili, na kwamba malalamiko ya mteja wa Kyela hayawezi kufanana na ya mteja wa Makambako. Kichwa cha mkate, kwa kuwa kinakaa mlangoni, hukutana na adui huyo wa kwanza kabla ya vipande vingine, na ndiyo maana mume wako anakiona kigumu.

Lakini kukaa mlangoni huko ndiyo kazi yake. Kichwa ni kifuniko: kinapokea hewa na baridi ili slesi zilizo nyuma yake zibaki laini. Nyumba inayotupa kichwa siku ya kwanza hukuta kesho yake slesi ya pili imekauka, kesho kutwa ya tatu, na kila siku wanalalamika kwamba mkate wa siku hizi haukai. Ukifungua mkate, toa slesi za katikati, rudisha kichwa mahali pake, kaza mdomo wa mfuko. Kikishamaliza ulinzi wake, kula. Ugumu wake unatibika, kwa kuwa wanga uliojipanga hulegea tena ukifika nyuzi zipatazo 60: nyunyizia kichwa matone machache ya maji, kiweke kwenye kikaango kilichofunikwa juu ya moto mdogo kwa dakika mbili tatu, nawe utakiona kimerudi. Kile wakati huohuo, kwa maana kikipoa hukaza upya, tena kuliko mwanzo.

La pili ni kushikwashikwa. Mkate unapotoka kwenye tanuri hauna ukungu hai, kwa sababu moto umeua kila kitu cha namna hiyo. Vimelea vya ukungu vinatua baadaye, wakati mkate unapoa, unapopita kwenye mashine ya kukatia, unapotiwa mfukoni, na unapofika nyumbani mkono unapoingia mfukoni kutafuta slesi. Mkono huo hugusa kwanza kichwa cha juu. Kwa hiyo mume wako ana hoja, ila hoja yenyewe inadai mikono inawe na slesi zitolewe kwa kuuinamisha mfuko. Mfuko unaochokorwa na vidole vya watoto watatu unachafua mkate wote, na kutupa vipande viwili hakutaokoa vilivyobaki.

Mara nyingine kosa linaanza mbali na nyumbani. Niliitwa katika bekari moja ya ukanda huu ambayo mikate yake ilikuwa ikirudishwa na wenye maduka siku ya tatu ikiwa na madoa ya kijani, na madoa hayo yalikuwa mengi zaidi kwenye vichwa. Nilikaa pale usiku kucha. Mikate ilikuwa inafungwa ingali moto ili gari liwahi. Mvuke uliotoka ndani ulikosa njia, ukageuka matone, na matone yakatulia kwenye ncha mbili za mfuko, yaani palepale penye vichwa. Walipoanza kuiacha mikate ipoe kabisa kabla ya kuikata na kuifunga, madoa yalipungua. Nakusimulia hili ili ukinunua mkate wenye matone ya maji ndani ya mfuko uurudishe dukani, au ukikosa namna uutoe mfukoni upumue na uliwe siku hiyohiyo.

Na ukungu ukionekana, nakuomba usiwe na huruma. Nyumba nyingi hukwangua doa au hukata kipande kilichooza na kula kilichobaki. Mkate una matundu kila mahali, na nyuzi za ukungu hupenya ndani yake mbali kuliko doa tunaloliona. Baadhi ya kuvu hutengeneza sumukuvu, ambayo haiondolewi kwa kubanika wala kwa kuchemsha. Watanzania tunaijua sumukuvu zaidi kwenye mahindi na karanga, na mwaka 2016 ilileta maafa kwenye mikoa ya Dodoma na Manyara ambapo watu walikufa kwa kula mahindi yaliyoharibika. Si kila ukungu wa mkate una hatari ya kiwango hicho, lakini kwa macho huwezi kutofautisha. Slesi moja ikiwa na doa, ondoa mkate wote uliokuwa mfuko mmoja nayo. Wala usimpe kuku. Kuku huumizwa na sumukuvu kama sisi, pengine kuliko sisi, na sehemu ya sumu hiyo inaweza kukurudia kwenye yai. Mkate usio na ukungu unaweza kumpa kuku kwa kiasi kidogo uliolowekwa, ukijua kwamba una chumvi na una protini chache, kwa hiyo haumtoshelezi kuku anayetaga.

Umeniuliza ufanye navyo nini, na kwa kweli kazi ni nyingi kuliko vichwa. Inayonipendeza kuliko zote ni ya chai: kichwa kilichobanikwa kidogo huvumilia kuchovya bila kukatikia kikombeni, jambo ambalo slesi laini haiwezi. Parachichi la Rungwe au la Njombe lililopondwa kwa chumvi na ndimu hukaa vizuri zaidi juu ya kichwa, kwa kuwa ganda linashika uzito. Vikiwa vingi, vikaushe juani juu ya ungo uliofunikwa kitambaa safi au kwenye kikaango kikavu mpaka vivunjike kwa vidole, vitwange kwenye kinu, uchekeche, uhifadhi kwenye chupa kavu. Hizo ndizo chenga za mkate ambazo wapishi huzingirishia katlesi za viazi na samaki, na huchanganya kwenye nyama ya kababu ili zisimeguke. Viazi vya huku kwetu vinatengeneza katlesi nzuri mno, na sioni sababu ya kununua chenga mjini wakati zinazaliwa mezani kwako. Vilevile unaweza kuviloweka kwenye maziwa yaliyopigwa na yai na sukari kidogo, ukavikaanga. Watoto wengi wanaokataa kichwa kikavu hukila hivyo bila kujua walichokikataa jana. Ila mimi ningewaambia. Chakula kinachofichwa hakimfundishi mtoto kitu.

Hilo la watoto linanirudisha kwenye kumbukumbu ya mama mkwe. Mkate aliougombea yeye haukuwa wa slesi. Mashine ya kukata mkate mzima kwa mara moja ilibuniwa na Mmarekani Otto Rohwedder, na mkate wa kwanza uliokatwa nayo uliuzwa Chillicothe, Missouri, mwezi Julai 1928. Kwetu mkate mzima wa kukatwa kwa kisu uliendelea kutawala kwa muda mrefu sana baada ya hapo. Mwenye kisu ndiye anayeamua unene wa kichwa. Nakumbuka utotoni kwangu Iringa kichwa kilikatwa kinene kama vidole viwili, kikapakwa siagi upande wenye ulaini, na aliyekipata alikuwa na chakula cha kutafuna mpaka njiani kwenda shule. Mashine haina upendeleo huo: inatoa vipande vya unene mmoja, na kinachobaki mwisho ni utando wa ganda usioweza hata kufunika slesi nyingine. Mama mkwe na wajukuu wake wanatumia jina moja kwa vitu viwili, na nadhani nusu ya ugomvi wenu imetokana na hapo. Siku moja mnunulie mkate usiokatwa, umpe kisu yeye.

Wala msidhani ni mgogoro wa Mbeya peke yake. Wajerumani wanagombania kipande hiki kiasi kwamba kila eneo lina jina lake: kaskazini wanakiita Knust, Bavaria na Austria wanasema Scherzl. Warusi wana neno gorbushka, na kwao ni kipande cha kupendwa. Waingereza wa zamani waliwaambia watoto kwamba ganda huzipa nywele mawimbi, uongo wa mapenzi uliotungwa ili sahani iishe; miaka ya karibuni huko London kampuni ya Toast Ale ilianza kutengeneza bia kwa mkate uliobaki, vikiwamo vichwa kutoka viwanda vya sandwichi ambavyo havina matumizi navyo. Kwa viwanda ninaelewa, kwa sababu sandwichi inataka nyuso mbili laini zinazolingana. Nyumbani kwako hakuna sharti hilo.

Sasa nakuomba ile ruhusa. Umeandika kwamba watoto hawavigusi, mume anataka vitupwe, na dada anayewasaidia kazi ndiye huvila. Huenda dada anavipenda kwa dhati, kama mama mkwe alivyovipenda. Lakini barua yako haisemi kwamba aliwahi kuulizwa. Mtoto anayeona kila asubuhi slesi laini zikienda kwa watu wa meza, na kipande ambacho baba amekiita kigumu na kichafu kikienda kwa mtu mmoja tu, hajifunzi habari za mkate. Anajifunza habari za mtu huyo. Nami, baada ya kukueleza kwa kurasa nzima kwamba kichwa ni chakula safi, siwezi kunyamaza kuhusu hili, kwa sababu usafi wa chakula hauondoi maana ya namna kilivyotolewa. Kama kinafaa kuliwa na dada, kinafaa kuliwa na baba. Na kama baba anaamini kweli kwamba ni kichafu, basi hakikustahili kumfikia dada hata siku moja. Naamini ukimwekea mume wako jambo hili kwa utulivu, mkiwa wawili, ataliona, kwa maana watu wengi huishi na desturi ya namna hii kwa miaka bila kuikagua, na hawakuianzisha kwa nia mbaya.

Kuhusu watoto, usiwalazimishe. Mtoto hula anachomwona mkubwa anakila kwa furaha, na wa kwanza kuanza awe baba yao, ambaye neno lake ndilo lililokifukuza kipande hicho mezani. Mkate wa kesho ukifika mwisho, pasha vichwa vyote viwili kwenye kikaango, kimoja mpe yeye kikiwa cha moto, kipakwe siagi, mbele ya watoto. Cha pili kiweke mezani pamoja na slesi ya katikati, umwite dada, umwulize anataka kipi, kisha umpe alichokichagua.